Usomaji wa Saa Tisa na Robo

Kuna kazi ambazo mtu akikuuliza unajibu kwa neno moja na chai inaendelea kunyweka. Mshonaji anashona, mwashi anajenga, basi. Sasa jaribu wewe kumwambia mtu kwamba kazi yako ni kupima jinsi dunia inavyotuvuta chini, nguzo kwa nguzo, mpaka tarakimu ya tisa. Atakutazama, atakohoa, kisha atakuuliza kama umekula.

Mwanamke wa kisa hiki alikwisha kuchoka kueleza. Pale ofisi ya upimaji walimwita Bi Sifuri, maana kila jioni alikuwa anatafuta sifuri moja na kila jioni anaikosa. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Mume wake na binti yao wa miaka mitano walikuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kule kazi ilikuwa inamngoja. Barua yake ya uhamisho ilikuwa kwenye droo ya Mkuu wa ofisi, imekamilika, imepigwa muhuri, imekosa sahihi tu. Imekosa sahihi kwa miezi kumi na minne! Mimba inatungwa, inazaliwa, mtoto anajifunza kukaa, na sahihi haijatoka.

"Funga mzunguko wa Nguzo ya Saba," Mkuu alimwambia siku ya kwanza, "na siku hiyohiyo naweka sahihi." Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mwenzake afunge dirisha.

Nieleze mzunguko mara moja, kisha sitarudia. Chombo chenyewe ni kama ndoo ndogo yenye mfuniko, na ndani yake kuna springi iliyobeba kipande kidogo cha chuma. Dunia ikivuta sana springi inanyooka, ikivuta kidogo inajikunja. Ukipanda mita moja tu juu umekwisha kupungua uzito kwa sehemu tatu kwa milioni kumi, wewe hujui, chombo kinajua. Hata mwezi ukipita juu kinajua. Lakini springi nayo huchoka kama mgongo wa mchukuzi. Asubuhi inasoma hivi, jioni inasoma vile, na mahali ni palepale. Kwa hiyo sheria ni moja tu: unaanzia kituo cha msingi, unapita nguzo zako zote, na siku hiyohiyo unarudi kituo cha msingi kusoma tena. Tofauti ya asubuhi na jioni ndiyo uchovu wa springi, unautoa kwenye hesabu. Usiporudi huna kipimo, una uvumi.

Na kuna baya kuliko uchovu. Chombo kikipata mshtuko mkubwa, tuseme gari limeingia shimoni, springi inaruka. Kuanzia hapo kila itakachosoma kimezidi kwa kiasi kilekile, wala haikuambii. Utajua ukirudi kituoni. Ndiyo maana dereva wa Bi Sifuri, jibaba moja lenye subira ya ajabu, walimwita Kobe: aliendesha kilomita thelathini kwa saa hata kwenye lami tupu isiyo na mtu, na wenye malori wakimpita wakimtukana aliwapungia mkono.

Kituo cha msingi kilikuwa chini ya jengo la ofisi, ngazi ishirini na mbili, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Katikati palikuwa na kiguzo cha zege kilichochimbiwa mpaka kwenye mwamba, na juu yake kichwa cha msumari wa shaba. Hata kabati la pembeni lilizungushiwa rangi nyekundu miguuni, lisije likasogezwa na chombo kikalihisi. Simu unaiacha juu. Mlango unaufunga, upepo usiingie. Bi Sifuri alikaa pale juu ya kigoda kila jioni ya siku ya safari, pumzi ameibana, akingoja springi itulie, na juu ya kichwa chake alisikia viatu vya wenzake wakienda makwao. Wao wanatoka, yeye anangoja springi. Kuna jioni alitamani kuupiga ule msumari teke.

Kisha anasoma, anapanda juu, anapiga hesabu, na jibu ni lilelile. Kati ya kituo cha msingi na Nguzo ya Saba, kipimo chake na kile cha zamani kilichoidhinishwa vinapishana kwa mikrogali mia nne na kumi, na mzunguko haufungi mpaka tofauti hiyo iwe sifuri. Mikrogali moja ni sehemu moja ya bilioni ya uzito wako, si kitu, vumbi la begani. Lakini mia nne na kumi ni kashfa. Na ilikuwa ileile mia nne na kumi safari ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Alibadilisha chombo. Alibadilisha saa za safari. Siku moja, kwa hasira tu, alibadilisha viatu.

Nguzo ya Saba yenyewe ilikuwa kilomita themanini kaskazini, nyuma ya shule, na watoto walikuwa wakiikalia kula vitafunio. Lakini nguzo mia sita na kumi na mbili za upande ule zote zilipimwa kuanzia hapo. Yeye mwenyewe zamani alikuwa akiitania, maana ilisimikwa mwaka aliozaliwa: "Mimi na hii ni marika, tofauti yetu ni kwamba yenyewe haihami wala haiombi kuhama." Siku hizi hakuitania tena.

Na aliyeipima zamani ni nani? Ni baba yake.

Ee, baba yake mzazi. Mzee Marejeo, ndivyo alivyoitwa na watu wote wa kazi ile, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake bila kuambiwa mara elfu: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rudi kituoni!" Picha yake ilikuwa ukutani kwenye korido ya ofisi, kijana mwembamba amepiga goti kando ya nguzo. Mkuu wa ofisi alikuwa mwanafunzi wake. Sasa mzee alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, macho yalikuwa yamezimika miaka sita sasa, na aliishi na binti yake katika nyumba ya vyumba viwili na sebule nyembamba. Hata kule alikokuwa anangojewa Bi Sifuri, mume wake alikwisha kupaka rangi chumba cha mkwewe. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni sifuri.

"Shikamoo, baba," angesema akivua viatu mlangoni.

"Marahaba. Umefunga?"

Pole hakuna, umeshindaje hakuna. Umefunga!

"Bado, baba."

"Ngapi?"

"Ileile."

Mzee angetikisa kichwa kwenye kiti chake cha pembeni ya redio. "Chombo hakisemi uongo, mwanangu. Mikono ndiyo inasema uongo. Unakibeba kama mtungi wa maji. Una haraka, unataka kwenda kwa mumeo, na chombo kinaijua haraka ya mtu. Unarudi kituoni kila siku?"

"Narudi, baba."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo, baba."

"Basi rudia tena, na utulie."

Angekwenda jikoni kukoroga chakula kwa nguvu isiyohitajika na chakula chochote. Nyumba ile ilikuwa ndogo. Mzee kwa masikio yake alijua kama amefungua kabati, kama amekaa, kama analia. Hata kulia alilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Akipiga simu upande wa pili, binti yake alikuwa amekwisha kujifunza neno. "Mama, mzunguko umefunga?" Juzi mwalimu aliwaambia wachore familia zao. Mtoto akamchora baba, akajichora yeye, na mama yake akamchora ndani ya simu. Mume alimtumia picha ya mchoro.

Lakini nisimtie mzee ubaya mtupu. Kulikuwa na jambo moja lililomlainisha, nalo ni kisa cha siku aliyozaliwa Bi Sifuri. Alikirudia kila tarehe ishirini na moja ya mwezi wa nane, na mwaka huu pia alikirudia, wakila keki iliyoungua chini.

"Mkunga alitoka, akaniambia mama na mtoto wazima. Umelia saa tisa na dakika tano alasiri. Saa tisa na robo uko mikononi mwangu. Niliitazama saa ya ukutani mwenyewe, bado nina vumbi la safari kwenye mikono, mkunga ananigombeza nikanawe. Mimi ndiye wa kwanza kukupakata, mama yako alikuwa hajiwezi. Ukanitazama hivi, kama mkaguzi."

"Mtoto mchanga hatazami, baba."

"Wewe ulitazama."

Wiki mbili baada ya keki ile, Mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Ile nafasi yako kule wanataka kuijaza," alisema. "Wamesema mwisho Ijumaa. Ijumaa ikifika bila sahihi, wanampa mtu mwingine."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Bi Sifuri akakaa bila kukaribishwa.

"Mkuu, nimepima mara kumi na moja. Kipimo cha zamani ndicho kibovu. Kitengue."

"Unajua sheria. Kipimo kilichoidhinishwa hakitenguliwi na kipimo kingine. Kinatenguliwa na kosa lake chenyewe, kwa maandishi, ndani ya daftari la asili. La sivyo kila anayekuja na chombo kipya atabomoa." Akaegemea mbele, akashusha sauti. "Au fanya kiutu uzima. Hiyo mia nne na kumi igawanye kwenye nguzo zote. Kila moja ibebe kidogo. Kwenye karatasi mzunguko umefunga. Nani atajua?"

"Nguzo moja ina uongo, nawe unataka nizipe zote?"

"Nataka uende kwako, dada yangu. Kosa kwa maandishi, kwenye daftari la mzee wako?" Akacheka, na alicheka kwa heshima kabisa. "Lile? Utakesha."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Kwa hesabu ile ya kugawanya, ingekuwa kazi ya nusu saa, na Jumamosi angekuwa amempakata mwanawe. Kosa lenyewe likitandazwa upande ule wote linainamisha ramani ya vimo vya ardhi kwa sentimita mbili. Mjenga nyumba haoni sentimita mbili. Lakini mafundi wa mfereji wa maji walikuwa wanangoja vimo hivyo, na maji hayana aibu, yakiona sentimita mbili yanazifuata.

Alishuka masijala. Karani alimpa daftari bila kuuliza namba ya rafu, maana alikuwa amekwisha kuliazima mara tatu. Daftari dogo la jalada la kijani, penseli, mwandiko uliosimama wima kama askari kwenye gwaride. Hesabu zake alikuwa amezirudia zote zamani, hakuna kosa. Kituo cha msingi, saa moja na dakika kumi asubuhi. Nguzo ya Kwanza. Ya Pili. Mpaka ya Saba, saa saba na dakika arobaini. Kisha kurudi kituo cha msingi, saa tisa na robo alasiri. Uchovu wa springi kwa siku nzima, mikrogali kumi na mbili tu. Safi, mtu angeweza kuifundishia.

Kitu pekee ambacho hakuwahi kukirudia kwa mkono ni mvuto wa mwezi. Kompyuta ndiyo iliyofanya. Yeye aliingiza tu mwaka na siku kama zilivyoandikwa juu ya ukurasa. Na watu wa kazi hii, sijui nani aliwaroga, hawaandiki tarehe kama binadamu. Wanaandika siku ya ngapi ya mwaka, ili hesabu ya mwezi iwe rahisi. Ukurasa ulisema: Siku ya 233. Kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, na kwa kuwa hakutaka kwenda juu kumwona Mkuu, alichukua kalenda ya ukutani ya karani akaanza kuhesabu kwa kidole ili afungue majedwali ya zamani ya mvuto wa mwezi, yanayotaka tarehe. Thelathini na moja, hamsini na tisa, tisini. Mwezi wa saba unaishia mia mbili na kumi na mbili. Akaongeza ishirini na moja.

Tarehe ishirini na moja, mwezi wa nane. Na mwaka ni uleule aliozaliwa, mwaka wa nguzo.

Kwanza alicheka. Alitaka kumwita karani amwambie, tazama, kumbe siku yenyewe ndiyo niliyozaliwa! Kisha macho yakashuka mpaka mstari wa mwisho, saa tisa na robo alasiri, kituo cha msingi, na kicheko kikamkauka. Ngazi ishirini na mbili, mlango wa chuma, kigoda. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, nusu saa kwa gari. Mtu mmoja hawezi kuwa amepiga goti mbele ya msumari wa shaba na papo hapo amempakata mtoto mchanga chini ya saa ya wodi.

Mzee Marejeo hakurudi kituoni.

Alitia sahihi ya kuazima daftari, akatoka nje, akaingia garini. "Nyumbani," alimwambia Kobe.

"Saa hizi? Unaumwa?"

"Endesha tu, kaka."

Na Kobe, Mungu amweke, siku hiyo aliendesha hamsini.

Njia nzima alikuwa anachemka. Kikulacho ki nguoni mwako! Miezi kumi na minne anaambiwa mikono yake inasema uongo, na mwenye kumwambia ndiye aliyeusema. Miezi kumi na minne mtoto wake anamchora ndani ya simu. Alitaka kufika na kupiga kelele mpaka majirani watoke. Halafu walipopita karibu na ile hospitali, kelele zikamwisha kabisa, akabaki na hofu. Maana kosa alikuwa amelipata, lile hasa Mkuu alilolitaka, na kulipeleka maana yake ni nini? Waraka kwa ofisi zote, jina la mpimaji juu, sababu chini. Picha itashushwa kwenye korido. Mzee asiyeona, asiye na mke, aliyebaki na jina tu, na jina lenyewe ni Marejeo. Akilificha, afanye lipi? Agawanye uongo na aende, au asigawanye na abaki. Aligeuza jambo lile kila upande na kila upande palikuwa na ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umewahi leo. Umefunga?"

Alivuta kigoda, akakaa mbele ya magoti ya baba yake, akafungua daftari. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka kwenye redio. Akaanza kusoma kwa sauti, mstari kwa mstari.

"Kituo cha msingi, saa moja na dakika kumi asubuhi."

Mzee aliinua uso. Aliposikia namba za kwanza midomo yake ilianza kuzifuata, kama mtu anayesikia wimbo wa shule. Ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, zote alikuwa nazo kichwani. Baada ya Nguzo ya Nne midomo ilisimama. Binti aliendelea. Ya Tano. Ya Sita. Ya Saba.

"Kituo cha msingi," alisoma, "saa tisa na robo alasiri."

Redio ilikuwa inatangaza bei za mazao. Mzee alipapasa, akaizima.

"Walinifuata na pikipiki," alisema. "Kwenye Nguzo ya Nne. Wakaniambia mama yako ana hali mbaya, huenda mmoja wenu asipone. Mtu mwenye akili angeacha chombo pale pale. Mimi nikasema zimebaki tatu. Tatu tu. Nilikuwa naendesha mwenyewe, na nilikimbiza gari lile, mwanangu, nilikimbiza! Kati ya Nguzo ya Sita na ya Saba gari likaingia kwenye shimo mpaka kofia yangu ikagonga paa."

"Springi ikaruka."

"Sikujua. Sikutaka kujua. Nimesoma ya Saba, nikaja moja kwa moja hospitali, chombo nimekiacha garini. Kesho yake betri ya kuipasha springi joto imekufa, springi imepoa, hakuna tena cha kurudi nacho. Nikaandika namba ambayo ingekuwa. Chombo kile hakikuwahi kuchoka zaidi ya kumi na mbili kwa siku. Na saa nikaandika ile niliyokuwa nayo kichwani, maana siku ile sikuwa na saa nyingine yoyote kichwani." Alijifuta mdomo. "Nilisema nitairudia mwezi ujao. Mwezi uliofuata wakaanza kupima nguzo nyingine kuanzia hapo. Mwaka uliofuata wakaning'iniza nguzo mia juu yake na wakanipandisha cheo. Ungerudia wewe?"

"Ulinitukana mikono, baba." Sasa alilia waziwazi, hakuna bafu hakuna maji. "Kila siku. Ulijua, ukanitukana mikono."

"Sikujua."

"Ulijua!"

"Nilishuku," mzee alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Ulipotaja mia nne na kumi mara ya tatu, nikashuku. Kila jioni nikikuuliza umefunga, nilikuwa naomba useme ndiyo, ili shaka yangu iwe ya bure. Nisamehe, mama. Nilikuwa mwoga, nikakuachia uongo wangu uubebe wewe."

Hakuwahi kumsikia baba yake akiomba msamaha, hata kwa kumkanyaga mtu. Alipangusa pua kwa mkono wa blauzi kama mtoto.

"Mkuu amesema naweza kuigawanya kwenye nguzo zote," alisema. "Ijumaa nakwenda. Hakuna atakayejua, na jina lako linabaki."

"Utajua wewe. Utakwenda kumpakata mwanao unajua. Mimi nimefanya hivyo miaka thelathini na minane, kila mwaka na keki yake." Mzee alinyoosha mkono. "Lete kalamu. Ya wino."

"Baba, waraka utakwenda ofisi zote. Jina lako litakuwa juu."

"Basi wasikosee herufi."

Alicheka, binti, akiwa bado analia. Kwenye madaftari ya kazi ile hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu, namba ya chini isomeke, kisha sahihi pembeni, kisha sababu kwenye safu ya maelezo. Mzee mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote. Bi Sifuri aliweka daftari kwenye magoti yake, akashika ule mkono wenye mishipa, akauongoza mpaka mwanzo wa mstari. Mzee akapiga mstari. Haukunyooka, ulipanda kidogo mwishoni. Akatia sahihi, na herufi za mwisho zikaangukia ukurasa wa pili.

Kwa mstari ule kipimo cha zamani cha Nguzo ya Saba kilikuwa kimekufa kisheria, kipimo cha binti hakikuwa tena na cha kupishana nacho, na zile mia sita na kumi na mbili zingepimwa upya na watu wengine. Mkuu hakubakiwa na pa kukwepea. Ijumaa angetia sahihi, apende asipende.

"Sasa maelezo," mzee alisema. "Andika wewe. Usomaji huu haukufanyika. Mpimaji alikuwa hospitali."

Aliandika. Mzee alingoja mpaka aliposikia kalamu imenyamaza.

"Ongeza. Kilo tatu na gramu mia nne."

"Kilo za nini, baba?"

"Zako. Mkunga alikulaza kwenye mizani mbele yangu."

"Hapa si mahali pake, baba. Hili ni daftari la serikali."

"Andika," alisema Mzee Marejeo. "Saa tisa na robo. Hiyo niliisoma mwenyewe."